Mwanafunzi wa Uhusiano wa Umma Apewe Umma wa Kweli

Tangazo lilikuwa na mistari minne. Wanafunzi wote wakamilishe ada ya muhula wa kwanza ndani ya siku 14 tangu chuo kufunguliwa. Atakayeshindwa hatasajiliwa wala hataingia chumba cha mtihani. Chini, muhuri na saini. Lilibandikwa ubaoni, likapigwa picha, likazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila mwaka yaliyofuata yalikuwa yale yale: foleni kwenye dirisha la mhasibu, vijana wenye macho mekundu, wazazi wanaopiga simu usiku, na ofisi inayolalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawasomi matangazo.

Nilikuwa nikifundisha kwa muda somo la uhusiano wa umma katika chuo hicho cha hapa Mtwara. Mwaka huo nilichoka na zoezi nililozoea kulitoa, lile la "chukulia wewe ni afisa uhusiano wa kampuni ya simu, andika taarifa kwa vyombo vya habari". Kampuni ya kufikirika, wateja wa kufikirika, janga la kufikirika, na insha zinazofanana hadi makosa ya herufi. Nikalikabidhi darasa lile tangazo la ada. Nikawaambia, hili ni la kweli, ofisi imekubali, lifanyieni kazi. Nilitarajia waniletee tangazo lenye lugha laini kidogo.

Baada ya wiki tatu waliniletea kalenda. Upande mmoja waliandika tarehe za chuo, upande wa pili mwenendo wa msimu wa korosho. Chuo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Minada ya korosho nayo kwa kawaida huanza Oktoba, lakini kuanza kwa mnada na fedha kumfikia mkulima ni mambo mawili. Mkulima wa Tandahimba au Newala anapeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinangoja zamu yake mnadani, mnunuzi analipa, makato yanakatwa, ndipo benki inamwingizia. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, nao huku kusini umekuwapo tangu 2007. Mzazi ambaye mzigo wake umeangukia mnada wa tatu au wa nne, siku 14 za chuo zinakwisha hajaona hata senti. Tangazo lilikuwa linasomwa na kueleweka vizuri kabisa. Kilichokosekana ni fedha ya kulitii.

Kundi moja lilipozungumza na wazazi kwa simu likampata mama mmoja mkulima aliyeeleza bila kuficha kwamba mwaka uliotangulia aliuza sehemu ya korosho zake kwa kangomba ili tarehe ya chuo isimpite mwanawe. Kwa msomaji asiye wa kusini: kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Mnunuzi anamfuata mkulima mwenye shida, anampa fedha taslimu papo hapo kwa bei ya chini, kisha yeye ndiye anayekwenda kufaidi bei ya mnada. Serikali imeupiga vita ununuzi huo kwa miaka. Na hapa mistari minne ya chuo ilikuwa inamsukuma mama huyu mikononi mwa kangomba, wala aliyeiandika hakuwa na habari.

Siku ile nilibadili mawazo kuhusu namna somo hili linavyofundishwa. Siku hizi naamini kwamba mwanafunzi wa uhusiano wa umma hapaswi kuhitimu kabla hajakutana na umma wa kweli, umma unaoweza kumjibu, kumkatalia na kumwonyesha kwamba bosi wake amekosea. Chuo chenyewe ndio umma wa karibu kuliko wote. Kazi ya pamoja mtandaoni nayo, ikitumiwa vizuri, inamwezesha mwalimu kuona jambo ambalo karatasi ya mtihani hailionyeshi kamwe: namna kijana alivyofikia alichokiandika.

Si kwamba vitabu havisemi. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, James Grunig na Todd Hunt, waliipanga kazi ya uhusiano wa umma katika mitindo minne. Upo wa kupiga debe tu. Upo wa kutoa habari za kweli, lakini kwa upande mmoja. Upo wa kuusikiliza umma ili ujue namna ya kuushawishi. Na upo wa kusikilizana, ambao ndani yake taasisi nayo inakuwa tayari kubadilika. Kabla yao, mwaka 1963, John Marston aliifupisha kazi hiyo hiyo kwa hatua nne zinazofuatana: utafiti, utendaji, mawasiliano, tathmini. Angalia mawasiliano yamekaa wapi. Ni ya tatu. Kabla ya kufungua mdomo kuna kuchunguza, na kuna kutenda. Madarasani kwetu tunaanzia kwenye hiyo ya tatu, tena mara nyingi tunaishia hapo hapo. Mwanafunzi anaikariri mitindo yote minne, anaiandika kwenye mtihani, anapata alama zake, halafu anaajiriwa na kufanya ule wa kwanza mpaka anastaafu.

Kwa mtu wa kusini jambo hili lina uzito wa peke yake. Desemba 27, 2012 watu waliandamana hapa Mtwara kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Januari vurugu zikazuka, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaja mwishoni mwa mwezi kukaa na wadau. Mei 22, 2013, siku iliyosomwa bungeni bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, mji ukalipuka tena. Watu walikufa, nyumba zikachomwa moto, wanajeshi wakaingia mitaani. Gesi yenyewe haikuwa ngeni. Ya Songo Songo, kule Kilwa, iligunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay 1982. Bomba lilizinduliwa 2015. Sitaki kuyafinya matukio yale yaonekane ni kasoro ya mawasiliano tu. Yalihusu ahadi, mapato, na kumbukumbu ndefu ya kusini kujiona imeachwa nyuma. Lakini mpangilio wake unajulikana: uamuzi ulitangulia, maelezo yakafuata, na kikao cha kusikilizana kikaja mwisho, mioyo ikiwa imeshachemka.

Anayeingia mwaka wa kwanza leo alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Baada ya miaka mitatu ndiye atakuwa afisa habari wa halmashauri, au mtu wa mawasiliano wa bandari, wa Bodi ya Korosho, wa chama kikuu cha ushirika, au wa mradi wa gesi kimiminika uliokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, ambao mazungumzo yake yamekula miaka. Atasimama mbele ya wazee wenye kumbukumbu ya 2013. Kama hajawahi hata mara moja kumpelekea mkubwa wake habari asiyopenda kuisikia, ataanza kujifunza siku hiyo, mbele yao.

Wazo la kujifunza kwa kufanya halikuletwa na intaneti. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na humo alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe: wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, waone wenyewe faida na hasara ya walichokiamua. Wengi wetu tuliosoma baadaye tunalikumbuka shamba hilo kwa sura nyingine. Tulilima mahindi tusiyojua yameuzwa kwa nani, na aliyechelewa namba aliongezewa matuta. Jembe lilibaki, uamuzi ukaondoka. Nahofia miradi ya uhusiano wa umma vyuoni itapita njia hiyo hiyo, na dalili nimeshaziona.

Dalili ya kwanza ni hii. Ofisi ikishasikia kuna darasa la uhusiano, inakumbuka mabango ya mahafali. Inakumbuka picha za mgeni rasmi. Inakumbuka kwamba ukurasa wa chuo kwenye mitandao haujapata kitu kipya tangu mwezi uliopita. Vijana wanaitwa, wanafanya kazi usiku kucha, wanapewa soda na cheti cha shukrani, na hakuna aliyewauliza kama bango lile lilihitajika. Hapo wamekuwa vibarua. Wamefundishwa kutii haraka, na afisa uhusiano anayetii haraka ni hatari kwa anayemwajiri kuliko anavyojijua.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokuja kukidai kwa kila mradi ni makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya darasa na ofisi, yaliyotiwa saini kabla ya kazi kuanza. Yaseme tatizo ni lipi kwa maoni ya ofisi. Yaseme wanafunzi wana ruhusa ya kusema tatizo ni jingine. Yaseme nani ataisoma ripoti, na kwamba ripoti yenye habari mbaya itapokelewa na kujibiwa kwa maandishi, hata kama haitatoka hadharani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichogomewa kila mara, na ndicho nisichokubali kukiondoa. Mradi mmoja niliuacha kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye mtandao, maana hapa watu huanza kuorodhesha majina ya programu. Sisi tulitumia vitu vya kawaida kabisa: grupu la WhatsApp la kila kundi, na jalada la pamoja la maandishi ambalo wote wanaweza kuliandika kwa wakati mmoja kwenye simu zao. Karibu hakuna aliyekuwa na kompyuta yake. Faida kubwa ya jalada la namna hiyo ni kwamba linatunza historia. Linaonyesha nani aliandika sentensi ipi, saa ngapi, nani aliifuta, nani aliirudisha. Kila aliyewahi kufanya kazi ya kundi chuoni anajua mambo yalivyo: watu wanane majina yako juu ya karatasi, wawili wameandika, mmoja amechapa, watano wamechangia fedha ya kuprinti. Historia ya jalada ilimaliza ugomvi huo bila mimi kumgombeza mtu.

Ila zawadi yenyewe hasa sikuitarajia. Nilianza kusoma mabishano yao pembeni mwa maandishi. Binti mmoja aliandika "wazazi wengi hawajali tarehe". Mwenzake akamwachia swali pembeni: umejuaje, umeongea na wangapi? Akajibu wawili. Akaambiwa basi andika wawili. Alibishana siku nzima, kisha akapiga simu nyingine tisa, na sentensi yote ikabadilika. Mabadiliko yale ndiyo somo, na katika insha ya kawaida yangepotea. Ningepokea ile sentensi ya mwisho tu, na pengine ningedhani ameinakili mahali. Kuna anayesema siku hizi wanafunzi wanaandikiwa kila kitu na programu za akili mnemba. Kwa zoezi la kampuni ya kufikirika ni kweli, na sioni la kuwalaumu sana, maana zoezi lenyewe halina mahali pa kwenda kuuliza. Ila akili mnemba haijui kwamba yule mama mkulima aliuza kwa kangomba. Hilo lilipatikana kwa kupiga simu, kusema shikamoo, na kunyamaza mtu aongee.

Umbali nao ulipungua. Rafiki yangu mmoja aliyezeekea kwenye kazi hii Dar es Salaam alikubali kuingizwa kwenye jalada na kusoma rasimu mara moja kwa wiki. Toka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Kumleta darasani kungetaka nauli, malazi na kibali. Kwa njia hii alikuwa anaacha maneno mawili matatu pembeni ya aya, saa nne usiku, na vijana walikuwa wanayasubiri kuliko maneno yangu. Mara moja aliandika tu: "Hii umemwandikia mkuu wa chuo au mzazi?" Kundi zima likaanza upya.

Anayepanga haya akiwa kusini asijidanganye kuhusu mtandao wenyewe. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Kabla hatujapumua, Mei 12, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikapata hitilafu, na nchi nzima ikabaki inahangaika na intaneti. Barabara na mtandao kukatika ndani ya mwezi mmoja! Na hata siku zisizo na tufani, bando lina bei. Tuliwekeana taratibu kutokana na hali hiyo. Maandishi kwanza, video kwa sababu maalumu tu. Mahojiano ya sauti yabaki kwenye simu ya aliyerekodi, yaandikwe muhtasari, ndio uwekwe jaladani. Kila mtu awe na nakala yake ndani ya simu, ya kufanyia kazi bila mtandao, aiunganishe akipata bando. Muda wa mwisho wa kazi usiwe saa sita usiku ya siku fulani, uwe siku tatu. Wenzangu fulani waliona huko ni kuwadekeza. Mimi niliona ndiko kuijua hadhira yako, na katika somo hili mwalimu naye ana hadhira.

Kosa moja lilinikosesha usingizi. Kundi lililozungumza na wazazi lilikuwa limetengeneza jedwali lenye majina, vijiji, namba za simu, na safu ya mwisho iliyosema nani anadaiwa kiasi gani. Jalada lilifunguliwa kwa kila mwenye kiungo. Kiungo kikawekwa kwenye grupu. Grupu lilikuwa na watu wasio wa darasa. Tuligundua baada ya siku mbili, tukalifunga, tukafuta safu, tukawapigia wazazi wote mmoja mmoja kuwaeleza na kuwaomba radhi. Hakuna aliyenijia juu, lakini hilo halipunguzi kitu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na namba ya simu ya mzazi pamoja na deni lake ni taarifa binafsi bila ubishi. Nilikuwa nimeifundisha sheria hiyo kwa saa moja na nusu, kwa slaidi. Darasa liliielewa siku ile ya kupiga simu za kuomba radhi. Tangu hapo kila kundi lina mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusema nani anaona nini, na hakuna namba inayoingia jaladani bila kuondolewa jina.

Kuna jambo la lugha ambalo naliona kubwa kuliko teknolojia yote hii. Somo linafundishwa kwa Kiingereza. Mtihani ni Kiingereza. Umma uko Kiswahili, na nyumbani uko Kimakonde, Kiyao, Kimwera, Kimakua. Mwanafunzi anajifunza kuandika taarifa kwa vyombo vya habari katika lugha ambayo hakuna atakayeisoma kati ya anaowaandikia. Akirudi kwenye Kiswahili anabeba Kiswahili cha ofisi: "mnahimizwa kuhakikisha mnakamilisha taratibu stahiki kwa wakati". Niliwataka vijana waisome rasimu yao kwa sauti, kwa simu, kwa mtu mmoja wa nyumbani kwao asiyesoma chuo, kisha waandike jaladani maneno ambayo mtu huyo alirudia alipoulizwa "wamesemaje?" Zoezi hilo la dakika tano lilifanya kazi ya mihadhara mitatu. "Awamu", yaani kulipa ada kidogo kidogo, lilikaa. "Taratibu stahiki" halikurudiwa na hata mmoja. "Namba ya malipo", ile anayopewa mzazi ya kulipia ada, lilizua swali ambalo ofisi haikuwahi kulisikia: nikishalipa kidogo, namba ile inakufa au naendelea nayo? Wazazi kadhaa hawakuwa wanalipa nusu kwa kuogopa fedha itapotea.

Mradi mwingine ulikuwa wa kuchangia damu. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kusini kiko hapa hapa Mtwara, na vyuo ni mahali pa kawaida pa kukusanya, maana mchangiaji awe na angalau miaka 18 na kilo 50, na chuoni wamejaa wa namna hiyo. Kundi lilitengeneza bango zuri kweli. Likapendwa mtandaoni, likasambazwa. Siku yenyewe watu waliofika walitosha benchi moja. Zamani tungeandika kwenye ripoti idadi ya waliolipenda bango, tukajipongeza. Lakini mwaka 2010, huko Barcelona, watu wa fani hii walikubaliana juu ya misingi ya kupima kazi yao, na mmojawapo ni kupima matokeo badala ya kuhesabu tu kilichotolewa. Basi vijana wakarudi hosteli kuuliza. Hofu ya sindano ilikuwapo, ndogo. Hofu kubwa ilikuwa ya majibu: damu inayochangiwa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na wengi walidhani majibu yangetangazwa au yangepita kwa mshauri wa wanafunzi. Bango zuri lilikuwa limejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mzunguko wa pili walimwomba muuguzi arekodi sauti ya dakika mbili, aeleze majibu yanampata nani na kwa njia gani. Hakuna picha, hakuna nembo, sauti tu ya mama mtu mzima anayeongea taratibu. Benchi halikutosha.

Kuhusu alama nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila chuo kina kanuni zake. Uzuri wa bango upewe kidogo. Uzito uende kwenye utafiti, kwenye historia ya jalada, na kwenye ukurasa mmoja ambao kila mwanafunzi anaandika peke yake akijibu: uliamini nini mwanzoni, na nani alikutoa kwenye imani hiyo? Asiye na jibu hajakutana na umma.

Mtwara ina Taasisi ya Uhasibu Tanzania, ina Chuo cha Utumishi wa Umma, ina chuo cha Stella Maris. Na Lindi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeamua kuweka kampasi ya kilimo. Ndani ya mikoa hii miwili kuna vijana wa uhasibu, wa utumishi, wa ualimu, wa kilimo na wa mawasiliano wanaosoma jirani bila kujuana. Fikiria jalada moja ambalo kijana wa uhasibu wa Mtwara anaeleza namba ya malipo inavyofanya kazi, wa kilimo wa Lindi anaeleza kwa nini mikorosho ya bonde moja huchelewa kuliko ya bonde jingine, na wa uhusiano wa umma anayageuza yote mawili kuwa maneno ya mzazi. Hakuna fedha kubwa inayohitajika. Kinachohitajika ni wakuu wa idara watatu kukubaliana kalenda, na hilo najua ni gumu kuliko fedha.

Turudi kwenye ada. Ripoti ilipofika ofisini, jambo la kwanza tuliloombwa ni kuuondoa ukurasa wa kangomba, kwamba utachafua jina la chuo. Vijana waligawanyika. Mabishano yao bado yapo pembeni mwa jalada, marefu, mengine makali. Wapo waliosema ukurasa ukiondoka ripoti haina moyo. Wapo waliosema mama yule alitueleza siri ya kosa la kisheria, na kumlinda yeye ni muhimu kuliko kushinda ubishi na ofisi. Hawa wa pili ndio walionishawishi. Ukurasa ukatolewa kwenye ripoti. Kundi likaomba kikao na kuusema kwa mdomo, bila jina wala kijiji, mbele ya mkuu wa chuo na mhasibu. Aliyesema alikuwa yule binti wa simu tisa. Alisema wamezungumza na wangapi, akasema ni mmoja tu aliyekiri, na kwamba hawajui wako wangapi wengine. Kisha akakaa.

Chuo kilikubali kujaribu malipo kwa awamu kwa muhula mmoja. Tangazo jipya liliandikwa na vijana, likasomwa kwa sauti kwa wazazi kabla ya kubandikwa; lilikuwa na mistari sita, na mmojawapo ulisema namba ya malipo haifi. Foleni ya dirishani haikwisha, ilipungua. Mimi niliacha kufundisha pale mwaka uliofuata kwa sababu zangu. Mwezi Septemba simu yangu iliita, alikuwa mhasibu. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha akaniambia wanaandaa tarehe za muhula mpya, na akauliza kama nimesikia mnada wa kwanza mwaka huu ni lini.